Kamanda na Punje ya Choroko

Filimbi yake nilimuuzia mimi, kwa hiyo nianzie hapo.

Ilikuwa ndani ya mfuko wa koti la mitumba nililolifungua mnadani Dutwa, miaka ile biashara ilipoachiwa huru na kila mwenye baiskeli akajiita mfanyabiashara, mimi nikiwa mmoja wao. Filimbi ya chuma, nzito, yenye kamba ya kuvaa shingoni. Kasoro yake moja: ile goroli ndogo ya tumboni, inayoifanya filimbi itetemeke sauti, haikuwamo. Ukiipuliza ilitoa mluzi mmoja ulionyooka, basi. Kamanda aliiona juu ya rundo la mashati, akaipuliza, akaitikisa sikioni, akaipuliza tena.

"Hii imekufa," akasema.

"Haijafa, Kamanda. Inapumzika."

"Unaiuza na utumbo wake au bila utumbo?"

"Kwani ukinunua mbuzi unauliza utumbo?"

"Ndicho cha kwanza ninachouliza."

Tulivutana mpaka kivuli cha kibanda changu kikahamia upande wa pili. Aliondoka kwa hasira mara tatu, na mara zote tatu alirudi akiwa amesahau kukasirika. Mwisho alilipa nusu, kwa hoja kwamba filimbi yenyewe ni nusu. Kisha, hata hajaondoka, akainama kwenye ungo wa mama aliyekuwa akiuza choroko jirani yangu, akaokota punje moja, akaisukuma kwa ukucha kupitia ule upenyo wa juu, akapuliza. Mnada mzima uligeuka. Dume moja la ng'ombe lilirudi nyuma likang'oa kigingi.

"Sasa ni nzima," akasema. "Na nimeilipia nusu."

Alizaliwa wapi, babu yake alikuwa nani, sikuwahi kuuliza. Nilimjua kwa kazi yake, na kila mtu alimwita kwa kazi yake. Alikuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji chetu, upande wa Sapiwi. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi. Polisi walikuwa mjini Bariadi, gari lao leo lina mafuta na kesho halina, kwa hiyo ulinzi ulikuwa wetu wenyewe: wanaume wazima wote, pinde na mishale, zamu za kulinda, na mwano. Mwano ni yowe la kuitana. Ukiusikia unatupa jembe unakimbilia unakotoka. Usipokwenda, kijiji kinakutenga. Hupewi moto wala maji, na salamu yako inabaki hewani. Lakini watu waliokusanyika na mishale bado si jeshi. Aliyeweza kuwageuza jeshi, wakatoka nje ya mpaka wa kijiji kumfuata adui, alikuwa mtu mmoja, kwa filimbi ya kutetemeka.

Alikuwa mfupi, mwenye matege, na alivaa koti la jeshi hata jua likiwa kichwani. Alikuwa msemaji. Hilo nalitaja mapema kwa sababu litahitajika baadaye. Angeweza kusimama njiani na mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani akamweleza jambo mpaka yule mtu akaitua ndoo, akaikalia. Mkutanoni ndiye aliyefungua na ndiye aliyefunga, na katikati aliwasaidia wengine kumaliza sentensi zao. Mimi biashara yangu ni maneno, na bado nilikuwa nikimwona anakuja nabadilisha njia nikiwa na haraka.

Alikuwa amekwenda vita vya Uganda. Vijana walimzunguka kwa sababu hiyo, wakingoja habari za mizinga. Hawakuzipata. Hadithi yake ya vita ilikuwa moja tu, na ilihusu kuku.

Askari mmoja wa kikosi chao alichukua kuku kwa mama mmoja wa huko. Afisa wao akapata habari, akaamuru kuku arudishwe. Yule askari akamweka kuku kwapani, akarudi njia yote kwa miguu, na Kamanda akatumwa kumsindikiza ili kuku asipotelee sufuriani. Walipofika, mama akamtazama kuku, akamgeuza, akasema si wake. Wake alikuwa wa shingo tupu.

"Mkafanyaje?" vijana waliuliza.

"Tukatafuta mwenye kuku."

"Mkampata?"

"Hatukumpata. Lakini hatukumla."

"Sasa kuku aliishia wapi?"

"Alitoroka."

Hadithi iliishia hapo, kila siku hapo hapo, na vijana waliondoka kama watu waliopunjwa kwenye mizani. Yeye aliwaona wameshindwa kuelewa. Kwake jambo lililokuwa kubwa katika vita vile vyote ni kwamba katikati ya mizinga palikuwa na mtu aliyeweza kusema kuku arudi, na kuku akarudi.

Pamoja na hayo, asije mtu akafikiri ninamsimulia mtakatifu. Msimu wa pamba, wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na mizani zao, nilikuwa wakala wa mmoja wao. Robota la Kamanda lilikuwa zito kuliko ukubwa wake. Nililipima, nikalipima tena, nikaingiza mkono ndani mpaka kwapani, nikautoa na mchanga.

"Kamanda, hii nini?"

"Shamba langu lina mchanga."

"Mchanga umepanda mwenyewe kwenye pamba?"

"Na mizani yako," akasema taratibu, "hilo jiwe la chini yake limejiweka lenyewe?"

Tukatazamana. Nikatoa jiwe, naye akakung'uta robota. Nilipomuuliza baadaye inakuwaje mtu anayesumbua kijiji kizima kwa sheria anauza mchanga, hakuona aibu hata kidogo. "Ile ni vita," akasema. "Hii ni biashara. Biashara kila mtu ana macho."

Nyumbani kwake nako hapakuwa na utaratibu wowote. Mboga ikipungua chumvi, ugomvi ulianza bila kutangazwa, na mkewe alizoea kutuambia, akicheka kidogo na kuchoka sana, kwamba bunge la mumewe linaishia mlangoni.

Neno hilo la bunge alilileta yeye mwenyewe kijijini, na lilikuja baada ya kosa.

Kabla ya filimbi ya chuma alikuwa na nyingine, ya plastiki, yenye goroli yake, na hakukuwa na aliyemwekea masharti. Wakati huo mtu mmoja wa kijijini kwetu alikuwa amewekesha ng'ombe wake kwa rafiki yake, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Ndivyo tunavyofanya. Hakuna mwenye akili anayeweka ng'ombe wake wote zizi moja, ugonjwa au mwizi akawamaliza kwa mkupuo. Unawagawa kwa marafiki. Rafiki anakamua, analimia, na ng'ombe wanabaki wako. Basi kiangazi kile majani yalikwisha, na yule rafiki akaamua kuwahamishia ng'ombe mtoni penye malisho, bila kutuma habari. Siku hiyo hiyo mke wa mwenye ng'ombe akaenda kuwasalimu, akakuta zizi tupu na mlango wa miiba umevutwa. Akapiga mwano. Mwano ukapokewa kijiji hadi kijiji mpaka ukafika kwetu, na Kamanda akapuliza.

Watu walifuata nyayo wakamkuta yule rafiki na ng'ombe mtoni. Hawakumuuliza kitu. Walimpiga mshale wa paja, wakarudi kwake wakachoma nyumba na ghala la mtama. Mimi nilifika nyuma na baiskeli, moshi ukiwa umeshatulia. Ng'ombe walihesabiwa palepale mbele ya mwenyewe. Hakupungua hata mmoja. Niliwahesabu tena.

Yule mtu alichechemea toka siku hiyo, na watoto wake walikula kwa majirani mpaka mavuno mengine. Kijiji kililipa fidia, kikaona yamekwisha. Kamanda hakuona yamekwisha. Aliitisha dagashida, yaani mkutano wetu wa kijiji ambao ndio unaotunga sheria zetu za ndani, akasimama mbele yake na kuomba kitu ambacho sijamsikia kiongozi mwingine akikiomba. Aliomba apunguzwe.

"Nipunguzeni," akasema. "Nikisikia mwano, mimi naona damu. Mtu anayeona damu asiachiwe vita peke yake. Hata Rais akitangaza vita anapeleka bungeni, wakubali au wakatae. Rais! Sasa mimi nani? Mimi nina filimbi tu."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akainua fimbo. "Kwa hiyo mwizi atusubiri tupige kura?"

"Atatusubiri, baba. Ng'ombe hawakimbii kama wewe unavyokimbia zamu."

Watu wakacheka, na kicheko kile nadhani ndicho kilichopitisha sheria. Ikakubaliwa hivi: mluzi ulionyooka ni wa kukusanyana, na Kamanda anaupuliza wakati wowote. Mluzi wa kutetemeka ni wa kutoka, kuvuka mpaka wa kijiji na silaha, na huo haupulizwi mpaka dagashida ikae ikubali. Na kwa kuwa filimbi mpya ilitetemeka kwa punje ya choroko, punje ile itolewe, ikae kwa mtu mwingine.

"Kwa nani?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa Mayu," akasema Kamanda.

Mayu maana yake ni mama tu, na wanawake wa umri wake wote tuliwaita hivyo, lakini kijijini kwetu ukitamka Mayu bila kuongeza neno kila mtu alijua ni nani. Alikuwa mjane mwembamba, mkunga, asiyeazima hata chumvi. Yeye na Kamanda walikuwa hawajasalimiana kwa miaka mingi kwa sababu ya mbuzi wa Kamanda na mihogo ya Mayu. Watu wakadhani ni mzaha.

"Kwa nini yeye?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa sababu hanipendi. Mkimpa anayenipenda, siku nikilia atanipa."

Wazee wengine walinung'unika kwamba mambo ya mishale yamefikaje kwenye khanga ya mwanamke. Mayu hakungoja wamalize. Alipita katikati ya mkutano, akanyoosha kiganja, Kamanda akaigonga filimbi mpaka punje ikatoka. Mayu akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Nimefunga mafundo mawili," akamwambia, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao toka mihogo.

Kulikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe kila mtu aliiona: choroko tunalima. Msimu wake zinaanikwa kila uwanja, zinamwagika njiani, kuku wanazidonoa. Kijana mmoja, mpwa wake Kamanda, alimwambia wazi, "Mjomba, hiyo punje ya Mayu ina nini? Mimi nina gunia zima ndani."

"Wewe unazo za kula," Kamanda akamjibu.

Sheria nyingine zilifuata, na nyingi zilitoka kinywani mwake mkutano ukakubali. Ghala halichomwi, hata likiwa la mwizi, kwa sababu mtama haujaiba. Mwanamke aliyekwenda kisimani haulizwi njia ya mumewe. Mshale wa sumu unabaki nyumbani. Nyayo zikivuka kuingia kijiji cha watu, tunasimama mpakani tunawakabidhi wenyeji, ila dagashida ikiamua kutoka. Toka hapo nyayo ni zao, wazifuate wazitoe kwao au watuambie zilipoishia. Na aliyekamatwa anakula kabla ya aliyemkamata.

Hii ya mwisho niliiona ikitendeka. Alikamatwa mwizi wa ndama, mtu mzima, na watu walishaanza kuokota mawe. Kamanda akaketi kando yake begani kwa bega, ili atakayerusha jiwe ajue atampata nani. Akaagiza ugali. Kisha akamlisha kwa matusi. "Kula, mbwa wee. Chovya mboga, mpumbavu usiye na kwenu, unaogopa nini, ongeza tonge. Mama yako angekuona!" Yule mwizi alikula akilia. Alipomaliza Kamanda akamnawisha, akamtukana mara ya mwisho, akampeleka mwenyewe Bariadi kwa miguu. Nilimuuliza faida yake nini, maana alilipa ule ugali yeye. Akasema siku moja na sisi tutakamatwa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa msimu wa kuvuna choroko. Kamanda alikuwa na ng'ombe wa kutosha, si tajiri, na wengi wao walikuwa na kazi tayari: walikuwa mahari ya kijana wake wa mwisho. Wakwe walishafika, wakawazunguka zizini, wakawachagua kwa rangi na pembe, wakanywa togwa wakaondoka. Kilichobaki ni siku ya kuwaswaga. Asubuhi hiyo mkewe alitoka kukamua akakuta miiba ya mlango imevutwa pembeni na zizi lina mavi tu. Mwano tuliousikia ulikuwa wake.

Nilifika na wa kwanza kwanza. Kamanda alikuwa amesimama uwanjani, filimbi mkononi, na uwanja wote umetandazwa ngozi za ng'ombe zenye choroko za kukauka, hata pa kukanyaga palikuwa pa kutafuta. Alipuliza mluzi ulionyooka. Kisha akachukua karai, akaufunika nao unyayo mmoja mzuri wa kwato uliokuwa nje ya zizi ili upepo na kuku wasiuharibu, akaketi kwenye kigoda. Vijana waliotangulia kufuata nyayo walirudi wakihema. Ng'ombe wamevuka mpaka, wameelekea upande wa Meatu, njia ya Lingeka. Mavi bado mabichi.

"Mjomba, jua linapanda," mpwa wake akasema.

Kamanda akamtazama tu.

"Hao ni ng'ombe wako! Ni mke wa mwanao anayekwenda pale!"

Kijana wake mwenyewe alikuwa amesimama kando na upinde, anamtazama baba yake. Mkutano ulikuwa haujatimia. Mayu alikuwa anakaa ng'ambo ya bonde, na alitembea kama mtu wa umri wake. Tulimwona akiteremka, akapotea kwenye mtama, akatokea, akasimama kupumzika. Sijawahi kuona kikongwe akitazamwa na wanaume wengi kiasi kile.

Mpwa akashindwa. Aliinama, akachota choroko konzi nzima kutoka kwenye ngozi, akamnyooshea mjomba wake mbele ya uso. "Moja, mjomba! Moja tu! Nani atajua ya Mayu ni ipi?"

Punje zilikuwa zinamponyoka vidoleni zikidondokea magotini kwa Kamanda. Kamanda akazikung'uta kwenye koti lake, moja moja, bila kusema neno. Mayu alipofika akapewa kigoda, dagashida ikaanza.

Waliotaka kutoka walikuwa na hoja nzuri, na mimi moyoni nilikuwa upande wao. Zamani ng'ombe wa wizi walikwenda kwa miguu, ungeweza kuwafuata wiki nzima. Sasa biashara imekuwa huru, kuna malori yananunua ng'ombe barabarani bila kuuliza walikotoka. Jua likizama, ng'ombe wameshakuwa safari ya mbali. Waliokataa walisema Lingeka nao wana mwano, nao wana mishale. Tukiingia kwao tunakimbia na silaha, watatuhesabu kuwa ndio wezi, na wachungaji watoto wako malishoni saa hizo. Wakamtaja yule aliyepigwa mshale wa paja. Waliongea, wakarudia, wakavunjiana hoja, wakaanza upya. Mkutano wetu haujui kwenda mbio.

"Kamanda," mwenyekiti akasema, "ng'ombe ni wako. Unasemaje?"

Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwamalizia watu sentensi zao. Akatikisa kichwa. "Semeni nyie," akasema, midomo haikufunguka hata kidogo, kama mtu anayeumwa jino. Na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote mkutanoni. Tulijua anajizuia. Wazee walikuja kumtolea mfano kwa miaka: mtu ameibiwa zizi zima, amekaa mkutanoni kama jiwe ili asiwasukume watu kwa maneno yake.

Mwisho alisema Mayu. "Nani amewaona wezi?"

Akawazungusha macho vijana waliofuata nyayo.

"Nyayo zinasema ng'ombe wamepita. Nani aliyewaswaga, hazisemi. Mimi sifungui."

Dagashida ikafunga hivyo: hakuna kutoka. Watu watano waende Lingeka mikono mitupu, wakakabidhi nyayo. Kijana wake Kamanda alivunja upinde wake gotini, akaondoka. Kamanda akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kitambo kidogo. Tulimwacha, mtu akipata pigo kama lile anahitaji ukuta wa kuegemea. Aliporudi uso ulikuwa mkavu, akawaongoza wale watano.

Watu wa Lingeka walifanya haki, hilo lisemwe. Walizipokea nyayo, wakazifuata jioni hiyo hiyo, zikawafikisha barabarani penye alama za matairi ya lori, na hapo zikaisha. Walirudisha ng'ombe mmoja, jike zee lililokataa kupanda gari likaachwa kando ya njia. Wakwe walingoja kwa adabu, kisha wakampeleka binti yao kwingine. Kijana alikwenda kutafuta kazi Mwanza. Kabla ya kuondoka alisema mbele za watu kwamba baba yake amemwoza kwa punje ya choroko, na kwa muda mrefu sana hakurudi hata kusalimu.

Je, tungetoka asubuhi ile, tungewakuta kabla ya lori? Mpwa anaapa mpaka leo kwamba tungewakuta. Wengine wanaapa kwamba tungekutana na wachungaji wa watu na kuongeza wachechemeaji. Mimi nimezoea kuhesabu kila kitu mara mbili. Hili nimelihesabu mara mbili, na majibu mawili hayajawahi kulingana.

Kamanda aliendelea mpaka vijana walipochagua mwingine, mwenye filimbi ya dukani iliyokamilika. Hakugombana. Sheria za mpakani walibaki nazo, ile ya punje ikasahaulika.

Mara ya mwisho nilimwona Bariadi. Nilikuwa nimekua kibiashara kidogo. Nilikuwa na mizani yangu karibu na stendi, nanunua choroko kwa ajili ya tajiri mmoja wa mjini. Akaja na mfuko mdogo umefungwa nyuma ya baiskeli ya jirani, koti lile lile, filimbi shingoni.

"Mwadila," akanisalimu, maana jua lilishapinduka.

"Mwadila, Kamanda. Leo zina mchanga?"

"Mchanga ni mzito. Nimezeeka, siwezi kuubeba tena. Jiwe lako liko wapi?"

"Nimelistaafisha."

Akachungulia chini ya mizani, ahakikishe. Tukavutana bei, lakini bila nguvu, kama watu wanaokumbushana wimbo. Nikamuuliza habari za Mayu. Amefariki, akasema, kipupwe kilichopita.

"Na punje?"

"Wamemzika na khanga yake. Hakuna aliyefungua fundo."

Tukakaa. Nikaona ni wakati wa kumpa sifa zake, maana mtu wa umri ule hujui kama utampata tena. Nikamwambia, Kamanda, mimi nimeuza na kununua maneno maisha yangu yote, lakini siku ile ulivyokaa kimya mkutanoni, wewe, na ule mdomo wako, sijaona mfano.

Akanitazama kama aliyetajiwa bei ya kipuuzi.

"Ningesemaje? Nilikuwa nayo mdomoni."

"Nini?"

Akaingiza vidole kwenye gunia langu lililokuwa wazi, akatoa punje moja, akaiweka ulimini, akaisogeza shavuni. Akasema "Semeni nyie," na midomo haikufunguka, na sauti ilikuwa ile ile ya mwenye kuumwa jino.

"Niliiokota kwenye ngozi kabla hamjafika," akaendelea, punje ikimgongagonga meno. "Nikajiambia, wakikubali, atafungua Mayu. Wakikataa, nina yangu. Yule mpwa ananinyooshea konzi, mimi ninayo tayari."

"Na walipokataa?"

"Nikaenda nyuma ya nyumba."

"Na filimbi?"

"Na filimbi." Akaihamishia punje shavu la pili. "Waliongea sana siku ile. Wewe ulikuwepo. Toka asubuhi mpaka jua la utosi. Choroko ikikaa majini muda wote ule inavimba."

Nikaitazama filimbi kifuani kwake, ile niliyomuuzia kwa nusu bei, na ule upenyo wake wa juu. Nikauliza polepole, "Uliijaribu ikakataa kuingia? Au uliiona tu imevimba ukaiacha?"

Akaitoa punje mdomoni, akaifuta kwenye mkono wa koti, akaigeuza kwenye mwanga wa jua. Kisha akaidondosha juu ya choroko zake zilizokuwa kwenye mizani.

"Wewe pima," akasema.

Nikapima. Halafu, kama kawaida yangu, nikapima tena. Mshale wa mizani ulisimama palepale.